Meno Mawili Mazima

Katika maisha yake yote mama yangu hakuwahi kuumwa na jino hata siku moja, na bado mimi ndiye niliyemkalisha kwenye kiti cha daktari wa meno, akang'olewa mawili. Yalikuwa mazima. Nalisema hapa mwanzoni kabisa, maana nikianza kuzungukazunguka nitapata njia ya kujitetea, na najijua, kwa kujitetea sina mpinzani.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini. Nilikuwa mpiga chapa katika ofisi moja ya serikali mjini Migori, nina chumba changu cha kupanga, nina viatu vya kisigino jozi tatu, na nilijiona nimefika. Nyumbani kwetu ni upande wa Homa Bay, mwendo mfupi kutoka soko la Rodi Kopany, ambako mama alikuwa akiuza viazi vitamu na njugu. Baba alikuwa ameshafariki. Mama alikuwa mkulima, Msabato wa kweli, na mtu wa kucheka kwa sauti mpaka kuku wanakimbia.

Akicheka, pengo lilionekana lote. Taya la chini, mbele, hakuwa na meno sita. Kwa Wajaluo wa rika lake hilo halikuwa jambo la kuuliza. Ukifika umri fulani, mzee mwenye kazi hiyo alikuja na kipande chake cha chuma bapa, ukakalishwa chini, ukang'olewa meno sita ya chini, na ukiinuka hapo wewe si mtoto tena. Desturi hiyo iliitwa nak. Ukiwauliza faida yake walikuambia kwamba mtu akishikwa na pepopunda, taya likakaza, uji utapitia wapi kama hana mlango?

Babu yangu alikuwa ameingia dini na akawakataza watoto wake. Mama hakukubali. Wenzake walikuwa wakimwita meno ya punda kisimani, na siku moja akatoroka kwenda kwa nyanya yake, akatolewa huko, akarudi nyumbani na mdomo umevimba na kichwa kiko juu. Babu alimchapa. Mama alikuwa akitusimulia hadithi hiyo huku anacheka, na akifika pale pa kuchapwa alicheka zaidi. "Alinichapa na meno yalikuwa yamekwisha kwenda," alisema. "Angeyarudisha?"

Yale yaliyobaki aliyatunza kuliko ng'ombe wake. Kila asubuhi, kabla ya chai, alikata kijiti cha ochol, mti wa kichakani nyuma ya zizi, akakitafuna ncha mpaka ikawa nyuzi, kisha akasugua taratibu, jino moja moja, ndani na nje, midomo ikabaki na rangi ya kahawia mpaka anawe. Halafu maji ya chumvi. Hakuwa na haraka. Ungemsalimia wakati huo angekujibu kwa mkono.

Sokoni alikuwa na fungu la vijiti hivyo pembeni mwa viazi vyake, na hakuviuza. Mwanamke akija ameshika shavu, mama alimwambia afungue mdomo, akamwangalia kwenye mwanga, akampa kijiti na maelekezo. Wengine aliwafukuza: "Hii imevimba, hii si yangu, nenda hospitali leo, usilale nayo." Hakujifanya mganga. Alijua tu mdomo, na watu walijua kwamba anajua. Wanawake wa kanisani kwetu karibu wote walisugua kwa kijiti cha mama, na watoto wao, na wajukuu wao. Hakuna kazi nyingine yoyote aliyofanya duniani iliyompa heshima hivyo. Alizaa watoto wanne, akawasomesha, lakini kilichomfanya atembee ameinua kidevu ni meno ya watu.

Na mimi binti yake? Mimi nilikuwa na meno matatu yaliyozibwa na la nne lilikuwa linaninyima usingizi. Soda, peremende, chai ya sukari vijiko vitano, na mswaki wa dukani niliokuwa nikiutumia nikikumbuka. Kijiti nilikiacha siku niliyoingia shule ya bweni, kwa sababu wasichana wa mjini walinicheka. Ndivyo nilivyomjua daktari wa meno, bwana mmoja mpole kutoka mkoa mwingine aliyekuwa na chumba mjini Homa Bay. Alikuwa akiniziba meno, na mimi nilikuwa nikimwongelesha Kiingereza ili ajue nimesoma.

Sasa, nilikuwa na mchumba. Mkamba, mwalimu wa sekondari Migori, mtu wa tai na viatu vinavyong'aa. Kabla sijaenda mbali, niseme alikuwa mtu mzuri, na bado ni mzuri, na ndiye niliyeolewa naye. Lakini alipenda kuongea juu ya kwao kama watu waliostaarabika zamani, reli, misheni, shule, na mimi nilikuwa nikimsikiliza na kuitikia. Nilimwonyesha picha moja tu ya mama, ile ya kitambulisho, akiwa amefunga mdomo.

Siku aliponiambia kwamba wazazi wake watakuja kwetu Desemba, mama yake akiwemo, sikufurahi hata kidogo. Nilifikiria kitu kimoja. Nilifikiria mama akicheka mbele yao. Nikamwona yule mama wa Ukambani, ambaye nilishamtengenezea kichwani gauni la kitenge na mkoba wa ngozi, akimtazama mama yangu mdomoni, kisha akimtazama mwanawe. Nilimwonea mama aibu. Hakuna jina jingine la kitu kile. Mwanamke aliyenilea kwa jembe, nilimwonea aibu.

Nilienda nyumbani Jumapili iliyofuata na kumwambia kuna meno ya bandia, yanawekwa, hakuna atakayejua.

"Nyara," alisema, ndivyo alivyokuwa akiniita, binti yangu, "meno nilitoa kwa kupenda kwangu. Leo niyarudishe, niyaweke wapi?"

Nikamweleza juu ya wageni. Akasema wageni wanakuja kuona mtoto, hawaji kuona taya. Nikamwambia hajui watu. Akaniambia, kwa upole, kwamba labda mimi ndiye sijui. Basi nikafanya kile ambacho kila mtoto anajua kukifanya kwa mama yake. Nikalia. Nikamwambia anataka niitwe mtoto wa mshamba maisha yangu yote. Nikamwambia kama baba angekuwepo angeelewa. Yawa, hata marehemu nilimwingiza.

Yeye akaendelea kuchambua njugu. Wiki iliyofuata nilipofika nilimkuta amevaa gauni lake la Sabato siku ya kazi, mkoba begani, amekaa mlangoni ananingojea. "Twende," akasema.

Kwenye chumba cha daktari alikaa kwenye kile kiti mikono imeshika pande zote mbili. Daktari alimsalimia kwa Kiswahili, mama akamjibu kwa Kiswahili chake cha sokoni, wakaelewana vizuri tu. Kisha akaingiza kioo chake kidogo mdomoni, akaangalia, akaangalia tena. Akamwita muuguzi wake aje aone.

"Mama huyu ana meno mazuri kuliko yangu," aliniambia, sasa kwa Kiingereza. "Hana shimo hata moja. Fizi safi. Anatumia nini?"

Na mimi, bila kufikiri, nikajibu, "Dawa ya meno ya kawaida." Kwa nini? Hakuna aliyenilazimisha. Kijiti kilinishinda kukitamka mbele ya koti lile jeupe.

Kisha akanieleza tatizo. Tangu yale sita yatolewe, miaka mingi ilikuwa imepita, na meno mawili yaliyokuwa kando ya pengo, moja kila upande, yalikuwa yameinamia ndani. Nafasi ilikuwa imepungua. Angeweza kutengeneza meno manne badala ya sita, lakini yangekaa vibaya na yangeonekana ya bandia. Au angeweza kuyatoa yale mawili yaliyoinama, ndipo kifaa kikae sawasawa. "Lakini ni mazima," alisema. "Yana nguvu. Mimi nisingeshauri. Angekuwa mama yangu ningemwambia abaki alivyo. Nitamweleza mwenyewe achague."

Akamgeukia mama, akafungua mdomo kumwambia kwa Kiswahili. Nikamkatiza. "Kiswahili chake ni cha bei tu," nikasema kwa Kiingereza. "Atachanganyikiwa. Ngoja nimweleze kwa lugha yetu."

Daktari akarudi nyuma, akanipisha, kwa adabu kabisa.

Mama alikuwa ananitazama. Nikamwambia kwa Kijaluo, "Anasema yale mawili ya pembeni yameoza. Lazima yatoke."

"Yameoza?" Akayagusa kwa ulimi, la huku, la kule. "Mbona hayaumi?"

"Yameoza kutoka ndani, mama. Kwenye mzizi. Yakiachwa yataambukiza mengine."

"Yeye ameona?"

"Ameona."

Nimejaribu mara nyingi kukumbuka uso wake pale, na nakumbuka tu kwamba aliutazama mkono wake, ule aliokuwa akishikia kijiti. Akaniuliza, "Na nasugua kila siku?" Hakuwa akimlaumu mtu. Aliuliza kama mtu aliyepoteza kitu ndani ya nyumba. Nikainua mabega.

"Basi," akasema, "kama daktari ameona."

"Amesemaje?" daktari akaniuliza.

"Amekubali. Anataka yatolewe."

"Amefahamu kwamba ni mazima?"

"Amefahamu," nikasema. "Anataka apendeze kwenye harusi ya binti yake." Na nikacheka kidogo, na daktari naye akatabasamu.

Hayakutaka kutoka. Meno yaliyooza hutoka kirahisi, mimi mwenyewe nilishatolewa, najua. Yale ya mama yalishika. Daktari alimdunga ganzi, akangoja, akashika koleo, na mwisho alikuwa amesimama amepanua miguu, jasho linamtiririka kwenye sikio. Mama hakupiga kelele. Alishika ubavu wa kiti, machozi yakashuka yenyewe. Yalipotoka niliyaona kwenye kisahani cha chuma, marefu, mizizi mizima, hayana hata doa. Mama akanyoosha mkono ayaone. Nikamwambia muuguzi ayaondoe, haraka, mama atazimia akiona damu.

Lakini aliyaona. Njiani kurudi, pamba ikiwa bado mdomoni, alisema kwa shida, "Sikuona shimo."

"Kuoza kwa ndani hakuonekani kwa macho," nikamwambia. Maneno yalitoka yamenyooka, kama yaliyoandikwa na mtu.

Vidonda vilipopona tulirudi kupimwa. Daktari alimjaza mdomo ule unga uliokorogwa ukawa kama ugali mbichi, mama akataka kutapika, akajizuia kwa ajili yangu. Wiki kadhaa baadaye kifaa kikaja. Meno manane, meupe kupita yale ya juu, yamekaa kwenye fizi ya plastiki ya rangi ya waridi. Akavaa. Nikampa kioo. Alijitazama muda mrefu.

"Huyu anafanana na mke wa chifu," akasema, lakini hakucheka. Kinamzuia ulimi, alisema, hawezi kucheka nacho vizuri, kitaruka.

Nikafurahi. Mungu anisamehe, nilifurahi sana.

Novemba nilienda nyumbani siku mbili. Asubuhi nilimkuta ameinama kwenye karai na mswaki wa plastiki, povu limejaa kidevuni, anasugua kwa nguvu kama anayesugua sufuria. Kando kulikuwa na dawa ya meno ya dukani. Nikamwuliza kijiti kiko wapi.

"Kile kilinidanganya," akasema. Akasuuza, akatema. "Miaka yote hii nikijiona mjanja."

Hapo ndipo ningesema. Tulikuwa wawili tu, jua ndiyo kwanza linatoka, hakuna haraka, hakuna mgeni. Mama, yalikuwa mazima, nilikudanganya, kijiti chako hakina kosa. Sentensi fupi. Nikamwambia dawa ile ya meno ni nzuri, asiache kuitumia.

Wageni walikuja Desemba, siku ya Jumapili. Turubai lilifungwa uani, wanaume wakakaa huko na wajomba zangu. Kwa desturi yetu mama mkwe hakai mahali pamoja na mkwe wake wa kiume, kwa hiyo mama alikuwa ndani, katika nyumba ya shangazi yangu, na wanawake wa upande wa bwana waliletwa kwake humo. Nilikuwa nimesimama mlangoni na birika la kunawisha mikono.

Mama mkwe wangu aliingia wa kwanza. Hakuwa na mkoba wa ngozi. Alikuwa mwanamke mfupi wa leso mbili, ametembea na kiondo chake mgongoni, kamba yake ikipita kwenye paji la uso. Akamwona mama, akafungua mikono, akacheka.

Meno yake ya juu ya mbele yalikuwa yamechongwa. Yote, ncha kali, kama ya msumeno. Nilishika birika kwa mikono miwili. Nilikuwa nimesikia kwamba Wakamba wa zamani walichonga meno, kama vile mtu anavyosikia mambo ya nchi nyingine, lakini haikuwahi kuniingia akilini kwamba yule mwalimu wa tai alizaliwa na mama mwenye meno hayo. Na yeye hakuniambia. Hata mara moja.

Alikaa karibu kabisa na mama, akamshika goti. Kiswahili chake kilikuwa cha kupigana nacho kama cha mama. "Mimi huko kwetu niliambia watu, naenda kwa Wajaluo, nitaona wamama wenye walitoa ya chini. Yangu ni ya juu! Nikasema, sisi wawili tukiungana, tuko na mdomo moja mzima." Akajipiga paja akacheka tena, mdomo wazi, bila mkono mbele. "Sasa wewe, yako iko. Haukutoa?"

Mama aliweka kiganja mdomoni. Sikuwahi kumwona akifanya hivyo. "Nilitoa," akasema, maneno yakipita kwa shida kwenye ile plastiki. "Nilitoa nikiwa msichana. Hii ni ya daktari. Mtoto ndiye alinipeleka."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ya nyinyi wageni." Alisema tu hivyo, bila ubaya. Kisha, labda kwa sababu aliona kwamba imesikika vibaya, akaongeza haraka, "Na ilikuwa baraka, mama. Maana daktari alipata mawili ingine imeoza kabisa. Sikujua. Ningeharibika mdomo yote."

Mama mkwe akageuza shingo akanitazama pale mlangoni. "Wewe uliona mama yako aibu?" akaniuliza mbele ya wanawake wote.

"Hapana, mama," nikasema. "Ni kwa afya yake."

"Mm." Akamrudia mama. "Hawa watoto wako hivyo. Wangu aliniambia jana, mama, tukifika huko usicheke sana. Nikamwambia, ati nini? Nikamwambia, mimi nitacheka mpaka wanifukuze." Wanawake wakaangua kicheko, hata shangazi yangu. Mama naye alicheka, lakini kwa pua, kiganja kiko pale pale, akiogopa kifaa kisidondoke.

Basi ndivyo ilivyokuwa. Sisi wawili, mwalimu na mpiga chapa, kila mmoja alimficha mwenzake mama yake. Tofauti ni kwamba mama yake alikataa, na mama yangu alinikubalia. Nilipomwuliza mchumba wangu jioni ile juu ya meno ya mama yake, chini ya mwembe wa jirani ambapo magari yalikuwa yameegeshwa, aliinamisha kichwa, akasema alitaka kuniambia. Nikamwambia na mimi. Tukaishia hapo. Juu ya yale mawili sikumwambia, hadi leo; akisoma haya ndipo atakapojua.

Mama alivaa kile kifaa miezi michache baada ya harusi, akachoka nacho, akakiweka kwenye kikombe juu ya kabati. Pengo lilirudi, sasa la meno manane badala ya sita. Mahindi ya kuchoma, ambayo alikuwa akiyatafuna kwa fahari mbele ya vijana, akawa anayapukuchua kwa kidole. Sikumsikia akilalamika. Aliishi miaka mingi baadaye, tukakaa pamoja jikoni mara ngapi sijui, na kila mara nilipotaka kusema niliona kwamba wakati mzuri umepita, au haujafika. Tulimzika bila mimi kusema.

Lakini siku ninayotaka kuisema ni ya kabla ya hapo, mwaka wa kwanza wa ndoa yangu. Nilikwenda nyumbani nikiwa na mimba ya miezi sita, tukaenda kanisani Sabato pamoja. Baada ya ibada akina mama walikuwa na kikao chao nje, kwenye mabenchi, wanapanga kutembelea wagonjwa. Mama aliomba nafasi ya kusema. Nilidhani atatangaza mimba yangu, nikaanza kuliweka gauni langu sawa.

Alisimama. Alikuwa bila kifaa. Alisema kwa Kijaluo kwamba ana neno moyoni tangu muda mrefu, na hawezi kuendelea kushiriki meza ya Bwana akiwa nalo. Akasema, "Nyinyi wote hapa mnanijua kwa vijiti. Nimewapa nyinyi, nimewapa na watoto wenu. Niliwaambia ukisugua hivi, jino halitaoza. Nilisema hivyo nikijigamba. Na mimi mwenyewe yangu yalikuwa yanaoza ndani, sijui. Daktari ndiye aliyaona." Akajigusa taya. "Sikujua kwamba ni uongo. Lakini niliusema. Kama kuna mtoto wa mtu ambaye jino lake limeharibika kwa sababu mama yake alinisikiliza mimi, naomba mnisamehe. Msitumie tena kile kitu."

Wanawake walitazamana. Kulikuwa na bibi mmoja kizee, rafiki yake wa tangu zamani, aliyekuwa na meno yake yote ya juu, meupe pee, na hakuwahi kugusa mswaki wa dukani maishani. Hakukubali. Alinung'unika kwamba hilo haliwezekani, yeye kijiti hakijamkosea miaka yote. Kisha akanigeukia mimi.

"Wewe umesoma," akasema. "Wewe ndiye ulikuwa na daktari, ulisikia Kiingereza chake. Ni kweli alisema yameoza?"

Wote wakanigeukia. Mama pia. Alikuwa amesimama pale amefumbata mikono, na alinitazama kwa namna ambayo naiona hata sasa ninapoandika. Hakuwa na shaka nami hata kidogo. Alikuwa ananingojea nimsaidie.

Nilijua nini kingetokea nikisema. Mama angefahamu pale pale, mbele ya wote, kwamba alikalia kiti kile kwa uongo wangu. Hivyo ndivyo nilivyojiambia, kwamba namhurumia. Si kweli. Nilijihurumia mimi, na gauni langu la mimba, na jina la msomi.

"Ni kweli," nikasema. "Daktari alisema yameoza."

Yule bibi akashusha pumzi, akatikisa kichwa, akasema basi, ataacha. Mama alikuja akaketi kando yangu. Akanishika mkono, akaubana, na kwa sauti ya kila mtu kusikia akamshukuru Mungu kwa kumpa mtoto wa kumwambia ukweli. Akina mama wakasema amina. Na mimi nikasema amina.